Niliizima Kompyuta Isiulize, Nafula Akafutwa Kazi

Shikamoo Bi Kafedha,

Mpendwa mshauri, naomba msaada kwa jambo ambalo hata mume wangu sijamweleza. Mimi ni karani katika zahanati ya kifua kikuu huku Likoni, twafanya kazi wawili, mimi na Nafula, na kompyuta ni moja, ndiyo yenye mtandao na ndiyo yenye daftari la wagonjwa wote, nani yuko mwezi wa ngapi wa dawa. Kila tukiteremsha faili mtandaoni hutokea kidirisha kikauliza, nilifungue au nilihifadhi kwanza, nami kilinichosha, basi nikaondoa ile tiki ya "uliza kila mara" ili faili zijifungue zenyewe. Nafula akaniambia, "Dada, swali hilo latulinda. Lirudishe." Nikamjibu, "Umekuja juzi kutoka bara, leo wanifundisha kazi?" Wiki mbili baadaye yeye ndiye aliyekuwa kwenye mashine, akabonyeza faili lililoitwa fomu za dawa, likajifungua papo hapo, kumbe lina virusi, majina mia nne yakafutika. Daktari akauliza ni nani aliyekuwa kazini. Nikanyamaza. Nafula akanitazama tu, hakunitaja, akafutwa siku ile ile, na wallahi kunyamaza kwake kwanikasirisha, maana angenitaja ningejitetea. Jana mgonjwa mmoja, Jumwa, aliyebakisha wiki tatu amalize dawa, ameambiwa aanze upya kwa kuwa kadi yake imepotea nasi hatuna ushahidi. Alilia mbele yangu. Nifanyeje, nami kazi naihitaji?

Mwanaima, Likoni

Marahaba, Mwanaima.

Barua yako nimeisoma mara mbili na hasira hazijaniisha, kwa hivyo usitarajie upole. Kuchoka si dhambi. Lakini swali lile liliwekwa ili mtu aangalie faili limetoka kwa nani kabla halijaingia. Ulipolizima, ulimzimia kila atakayekalia kiti kile. Na mbele ya daktari, si kompyuta iliyokufunga kinywa.

Wamkasirikia Nafula kwa kukusitiri? Ona haya. Kazi waihitaji wewe, yeye haihitaji?

Kesho asubuhi, kabla hujavua buibui, ingia kwa daktari useme: "Ni mimi niliyeondoa tiki, na Nafula alinionya." Usiseme "tulikosea". Omba arudishwe, hata ikiwa wewe utatoka. Mtaje Jumwa papo hapo, umsimamie shahidi kabla hajaanzishwa dawa upya. Rudisheni swali lile. Faili lolote lihifadhiwe, lipimwe virusi, ndipo lifunguliwe, na lisilojulikana litokako lifutwe. Kila Ijumaa daftari linakiliwe kwenye disketi, ifungiwe kabatini. Kisha chukua kalamu uende mtaani Timbwani, kwa wagonjwa wenu, nyumba kwa nyumba, ukague kadi na pakiti za dawa, uyaandike majina yale upya kwa mkono wako, hata kama utakuwa huna kazi tena.

Radhi ya Nafula iombe akisharudi kwenye kiti chake. Ukiiomba kabla ya hapo, utakuwa wataka akubebee na hilo pia.

Bi Kafedha