Usingizi wa Baba Mwezi wa Mfungo

Ruaruke, 6 Machi 2025

Mwanangu Muzdalifa,

Assalaam alaykum. Mimi na mama yako hatujambo. Mjukuu wangu Mudy anaendeleaje na jino lake? Naandika kwa sababu nikipiga simu mama yako hudakia kabla sijafika katikati. Barua anayo Kondo, anakuja huko Mbagala na nazi zake.

Habari kubwa ni kwamba nalala. Tangu nianguke mnazini, miaka minne hii, mgongo haujaniacha nilale hivi. Vile vidonge vya maumivu vimeandikwa asubuhi, mchana na usiku. Sasa mchana nimefunga, basi navimeza vyote pamoja baada ya futari. Nikigusa mkeka tu, nimekwenda. Mama yako anasema nakoroma mpaka mbuzi wa jirani Haidari wanaitika. Daku naamshwa kwa kutikiswa. Mshukuru Mungu pamoja nami.

Baba yako

Mbagala, 12 Machi 2025

Shikamoo baba,

Waalaykum salaam. Sisi wazima. Jino la Mudy limetoka, sasa anauma kila mtu.

Baba, nilifurahi, kisha nikaogopa. Nilipompeleka Mudy kliniki nilimuuliza daktari habari ya vidonge vyako. Akaniuliza: anakoroma, halafu ananyamaza kimya, halafu anashtuka kama aliyekabwa? Anaamka na kichwa kizito? Mchana anasinzia katikati ya mazungumzo? Muulize mama, wewe huwezi kujua. Anasema dawa hizo hutuliza maumivu, lakini mtu akilala huufanya mwili usahau kupumua, na kuzimeza kwa pamoja ndiyo hatari zaidi. Usingizi huo haukupumzishi, baba, unakuzamisha.

Usiache vidonge ghafla, utateseka. Rudi hospitali wakupangie upya, na mchana usifunge. Dini imempa mgonjwa ruhusa, utalisha maskini. Nakuomba.

Binti yako

Mbagala, 24 Machi 2025

Shikamoo baba,

Hamjambo huko? Hujanijibu. Kila nikipiga simu mama ananiambia umelala. Asubuhi umelala, alasiri umelala. Nimemweleza aliyosema daktari, naye ananiambia nikuache, umeteseka vya kutosha. Kondo anasema Ijumaa alikuona msikitini umeegemea nguzo, unasinzia hotuba nzima.

Umenikasirikia? Kasirika, lakini nijibu.

Binti yako

Ruaruke, 9 Aprili 2025

Mwanangu Muzdalifa,

Marahaba. Tunakwenda, alhamdulillahi. Mama yako alikusimulia kwa simu, lakini yeye husimulia kwa kilio, kwa hiyo nami niseme.

Siku zile za mwisho wa mfungo alikuja kuniamsha kwa daku, sikuamka. Midomo imekuwa myeusi, pumzi inakuja moja moja. Haidari alinipakata kwenye bodaboda mpaka hospitali ya Mchukwi. Wakanichoma sindano, nikaamka na maumivu yangu yote, nikamtukana aliyenichoma. Mungu anisamehe, na yeye pia. Wamenipunguzia dozi, vidonge nimeze kimoja kimoja kwa saa zake, na nisifunge.

Mbele ya daktari niliitikia. Moyoni nilikataa. Mzee mzima nitafune mchana, wajukuu wamefunga? Baada ya Idi nikapanga kulipa siku zangu za funga, na vidonge nivimeze usiku kama zamani. Nilikuwa nautamani ule usingizi, nisikufiche.

Sasa mama yako siku hizi hulala mkono wake juu ya kifua changu. Nikikawia kuvuta pumzi ananipiga kofi. Juzi nikaona nimtanie. Nikabana pumzi, nikasubiri kofi langu.

Hakunipiga. Aliinama sikioni kwangu akaanza kunitamkisha shahada kama mtu anayekata roho, polepole, neno kwa neno. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Muzdalifa, alikuwa amejiandaa siku nyingi.

Nilipofumbua macho alinitazama, akageukia ukutani. Mpaka leo hajanisemesha.

Asubuhi yake nilikula muhogo barazani, watu wanaojua nadaiwa siku wanapita wananiona, nikameza kidonge kimoja. Mchele wa fidia nimempelekea Ashura, yule mjane wa bondeni. Mgongo unauma, na usingizi wangu umerudi kuwa wa mang'amung'amu. Nitauvumilia.

Namwambia mama yako alale, mimi niko macho. Anakaa tu kunihesabia pumzi. Najuta, mwanangu, wala sijui niseme nini anielewe. Njoo unisemee.

Baba yako