Ndege ya Baba Ipimwe Kuanzia Wapi

Chumba cha Cherehani,
Nyumbani kwa Baba.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekula, na umepata usingizi wa kutosha kati ya safari zako za angani. Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona? Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamuuma, ila mdomo hauna hata chembe ya ugonjwa. Baba jicho la kulia linazidi kuingia ukungu. Ukimuuliza anasema ni miwani michafu.

Mabawa ya ndege anayoijenga Baba nimemaliza kuyavika kitambaa. Nimeshona mpaka vidole vimeota sugu, na mume wangu analalamika kwamba yeye sijawahi kumshonea hata suruali kwa uangalifu ule. Ni kweli, lakini suruali yake ikifumuka hataanguka kutoka mawinguni.

Sasa nikupe habari yenyewe, maana wewe ndiye utakayekaa ndani ya kitu hiki. Unajua kuliko mimi kwamba ndege haitoshi kuipima uzito tu. Kila kizito lazima kijulikane kiko umbali gani kutoka mahali fulani pa kuanzia, ndipo hesabu iseme imekaa sawa au imelemea upande mmoja. Mahali hapo mjenzi anajichagulia mwenyewe. Basi hapo ndipo Baba na shemeji yako waliposhikana mashati.

Shemeji yako alitaka waanzie kwenye ule ukuta wa bati unaotenganisha injini na rubani. Baba akakataa katakata, kwa sababu hapo injini inabaki mbele ya mwanzo, na umbali wake unaandikwa kwa alama ya kutoa. "Injini nimeihangaikia hivi, halafu uiandikie kutoa? Imekukosea nini?" Akaamua waanzie kwenye ncha ya pua, ili kila kitu kiwe nyuma yake na kila namba iwe ya kujumlisha. Unamjua Baba akishashika lake. Shemeji yako akanywea.

Baadaye Baba akaona ile kofia ya panga boi pale puani imechakaa, akatengeneza nyingine, ndefu, inang'aa kama sufuria mpya. Tukaisifia wote. Hakuna aliyekumbuka kwamba ncha ya pua ndiyo mwanzo wa hesabu, na sasa mwanzo umesogea mbele kiganja kizima. Magurudumu yalikuwa yamepimwa kutoka pua ya zamani, mabawa yakapimwa kutoka pua mpya. Kwenye karatasi hesabu ikatoka safi kabisa. Baba akashinda akiimba karakanani.

Juzi nikapanda kiti cha nyuma kupima mto wake. Mkia ukaanza kushuka, taratibu, mpaka sakafuni. Pua ikatazama dari, nami nimebana pini mdomoni siwezi hata kupiga kelele. Shemeji yako alicheka, kisha akaacha kucheka. Ndege yenye mkia mzito inainua pua ikakataa kuishusha, wewe ndiye uliyenifundisha hilo.

Baba alikaa juu ya ndoo akavua miwani. "Ningemuua mwanangu," akasema. Sauti ile sijawahi kuisikia kwake, Kaka. Nililia.

Ili apumue kidogo, nikamtania kwamba mimi mteja wangu simpimi gauni kuanzia kwenye kilemba, maana kesho atakuja na kingine. Naanzia kwenye mfupa wa bega. Mama akaangua kicheko. Baba akainuka, akachukua nyundo na patasi, akagonga alama ndogo kwenye ule ukuta wa bati. Tumepima upya kila kitu kutoka hapo. Injini imeandikwa kwa alama ya kutoa, tena kwa mkono wake mwenyewe. Betri imehamishiwa mbele, na sasa nikipanda, mkia hautikisiki.

Imebaki namba moja, nayo ni yako. Kwenye kiti cha rubani Baba ameweka gunia la mchanga lenye uzito uliokuwa nao siku ulipoondoka. Analiita Mbu, kama alivyokuita wewe ulipokuwa mwembamba kama fito. Asubuhi akiingia analisalimu, na Mama nimemkuta akilipangusa vumbi. Mimi sina ujasiri wa kuwaambia kwamba kwenye ile picha uliyotuma umeota kitambi.

Niandikie uzito wako wa kweli, viatu na vyote, usijipunguzie hata kidogo. Kisha uje. Baba hataki rubani mwingine aiguse ndege hii, na jicho lake halitatusubiri. Anataka kuiona ikipaa na kutua ukiwa ndani, angali anaweza kukutambua sura kupitia kioo. Mimi pia nimekukumbuka, kaka yangu, nimekukumbuka sana.

Msalimie wifi yangu, na wale pacha wabusu mashavu yote manne. Mama anakusalimu, shemeji yako pia. Mungu akushike huko juu, akufikishe kwetu huku chini.

Wako akupendaye,
Dada yako, fundi wa mabawa.

Nilisahau: mto wa kiti cha nyuma nimeshamaliza. Wa kwako sijaukata. Gunia halihitaji mto.