Vidole Vitatu

Jumatano, baada ya isha

Mama ameniletea viazi karai kutoka Makadara na sijavigusa.

Leo nimejaza gesi ya naitrojeni, inayopunguza kishindo cha kutua, kwenye mguu wa gurudumu la mbele la ndege ndogo. Chuma king'aacho cha mguu kilitokeza upana wa vidole vitatu, kama inavyotakiwa. Fundi mkuu, Bwana Athmani, akauliza, "Umeitikisa ndege kabla ya kupima?"

"Naam."

Uongo! Usipoitikisa, mguu hukwama ukiwa umerefuka na kipimo hudanganya. Rubani alikuwa akitazama saa, nami nikaona… sijui niliona nini. Kesho inaruka na abiria sita.

Nimeshindwa kukaa, nikampigia Bwana Athmani simu.

"Masalkheri, mzee. Sikuitikisa."

"Najua. Niliitikisa mimi, kikabaki kidole kimoja. Nimeijaza upya. Tangu alasiri nangoja simu yako."