Siku Bendi ya Roki Iliposimama kwa Ajili Yako

Mpendwa Baba Akinyi,

Wamekuja. Wale wazee wako wa roki, wale uliokuwa ukiapa kwamba wakifika Kisumu utakuwa mtu wa kwanza langoni, wamekuja Jumamosi, kwenye uwanja ule wa karibu na ziwa, jua likiwa bado kali. Nilienda. Ndiyo, mimi, niliyekuwa nikikuambia muziki huo ni mabati yanayobomolewa. Usicheke.

Unakumbuka Muhoroni? Unashuka kwenye trekta la miwa, masizi hadi masikioni, unaweka kaseti kabla hata hujanisalimia. Majirani wanapiga benga, wewe unapiga radi yako. "Mama Akinyi, sikiliza hapo gitaa inapolia." Mimi nasikiliza sufuria. Kusema kweli nilipenda kukutazama wewe ukisikiliza.

Halafu tukakuzika kwenu Awasi. Niliomba upigiwe wimbo mmoja tu. Ndugu zako wakakataa, mhubiri akasema ni muziki wa shetani. Niligombana nao mpaka sauti ikanikauka, nikashindwa. Ukaenda kimya, wewe mtu wa kelele, na jambo hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Ndiyo maana nilienda. Nilitaka usifiwe mbele za watu, katikati ya muziki wako.

Wamezeeka, mume wangu! Mwimbaji ana mvi hadi kidevuni, na yule wa gitaa alipanda jukwaani ameshika goti. Nikajisemea, haki ya Mungu, hawa watatuangukia. Kisha wakapiga. Mama yangu! Ardhi ilitetemeka. Sauti iliniingia kwa nyayo, ikapanda kifuani, pumzi ikanikatika. Yule wa goti akawa kijana. Kumbe ndicho ulichokuwa ukisikia miaka yote kwenye ile redio yetu mbovu? Niliogopa, vile mtu huogopa kanisani kwaya ikishika kweli.

Basi nikafanya tunavyofanya kwenye benga. Nikapenya katikati ya watu, noti juu, nikaenda mbele kusimamisha bendi nimsifu mtu wangu, ile pakruok yetu ya kujigamba kwa sifa. Kumbe roki haisimamishwi! Vijana waliovaa nyeusi tupu wakanikodolea macho. Mlinzi akanishika mkono.

"Mama, rudi nyuma. Hapa hakuna pakruok."

"Basi leo ipo," nikamwambia. "Niachilie."

Mwimbaji aliniona. Akainua mkono, gitaa zikanyamaza, uwanja mzima ukanigeukia. Nilitamani nitoweke. "Mama anataka nini?" akauliza, akainama na kuniletea kipaza sauti mdomoni.

"Mimi ni Mama Akinyi wa Nyamasaria!" Sauti yangu ilinirudia kutoka kila upande. "Namsifu Baba Akinyi, dume la Awasi, dereva aliyefanya miwa ya Muhoroni icheze roki! Aliwangoja nyinyi wazee. Mkachelewa, akatangulia!"

Watu walipiga mayowe, hata wale wa nyeusi. Si ni watoto wa Kisumu? Sifa wanazijua. Mzee wa mvi hakuichukua noti, aliikunja ndani ya kiganja changu, akashika ngumi yangu kidogo. Kisha akasimama wima akaita, "Baba Akinyi!" Mara ya kwanza polepole. Mara ya pili aliita kwa nguvu zote alizobakiza, ngoma zikaingia hapo hapo na gitaa zote juu yake, na watu wakaanza kukuita, maelfu ya watu wasiokujua. Nililia kwa sauti kubwa na hakuna aliyenisikia. Sijawahi kuona jambo kama lile, na sidhani nitaliona tena.

Nilirudi nyumbani masikio yakivuma. Akinyi aliniuliza nimetoka wapi na hali ile, macho yamevimba, vumbi hadi magotini.

Nikamwambia nimetoka kumzika baba yake.

Oriti, kwaheri, mpenzi wangu. Sasa nenda salama.

Mkeo,
Mama Akinyi