Siku Niliyomfutia Mama Rehema Kazi Yake

Mama yangu, shikamoo. Nakuandikia kutoka Manundu, Korogwe, kwenye joto la kukausha kanga ukiwa umeivaa.

Huku tunafundishwa kuifanya seva moja, ile kompyuta kubwa inayohudumia ofisi nzima, ibebe kompyuta nyingi ndani yake. Hizo za ndani huwezi kuzigusa, lakini kila moja ina kazi yake. Darasa zima tunatumia seva hiyohiyo. Jirani yangu ni Mama Rehema, Msambaa wa Lushoto, anayekaribia kustaafu. Jana alihangaika asubuhi nzima kutengeneza kompyuta yake humo ndani. Mimi nikajifanya fundi, nikataka kufuta yangu iliyoharibika, kumbe nimefuta yake!

"Nisamehe mama, nimekufutia kazi yote," nikamwambia, machozi yakinilengalenga.

Akavua miwani, akanitazama. "Wewe Mzigua wewe! Bahati yako mimi ni mwoga. Mwalimu alisema tuweke nakala moja pembeni, mimi nikaweka mbili."

Akabonyeza hapa na pale, kompyuta yake ikarudi nzima kabla chai yetu haijapoa. Nilimrukia shingoni, darasa likapiga makofi.

Mchana akanigawia makande yake, akasema lazima aje huko nyumbani Kang'ata amwone aliyenizaa. Nimeshamwahidi kwamba utamchinjia jogoo, kwa hiyo usiniangushe. Nakukumbatia kwa nguvu zote, Mungu akutunze.

Mwanao,
Zaina