Vitambaa vya Mtarakwa

Bishkek, 3 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mifugo salama? Watu salama? Goti la Mama limepata nafuu? Mimi mzima, ila maziwa ya farasi wanayouza mjini hapa ni aibu tupu.

Zile kamera mbili zinazopiga picha zenyewe mnyama akipita, nilizoziacha kwenye ule mti wa mtarakwa juu ya chemchemi, naomba ukatoe kadi zake za picha umpe Omur wa lori la maziwa. Shirika letu litanunua kamera za aina moja kwa watafiti na watoto wa shule, na mimi ndiye ninayechagua. Ya bei nafuu inamulika taa nyekundu gizani. Ya ghali inamulika mwanga usioonekana. Itakayompata chui wa theluji ndiyo tutakayochukua. Na bonde letu lisipotoa chui hata mmoja kabla ya mkutano wa mwisho wa Agosti, vifaa vinapelekwa Batken, kule kusini mbali, na mimi navifuata huko. Baba, nataka kufanya kazi nyumbani.

Mwanao,
Jypar

Malishoni, 19 Juni

Mwanangu Jypar,

Marahaba. Watu wazima, mifugo mizima, isipokuwa yule farasi mwekundu kaumia ukwato. Goti la mama yako linalalamika kuliko mwenyewe.

Kadi hizo hapo. Vilango vya kamera viko kwa chini, nimepenyeza vidole nikatia kadi nyingine, sijavuruga kitu.

Sasa nieleweshe. Mwanga usioonekana unamulika nini? Nimemuuliza Omur, naye kachanganyikiwa kuliko mimi. Na mbona hamnunui darubini? Watoto wa hapa wanagombania ile yangu kuukuu mpaka wamekata kamba yake. Kamera inaona peke yake, kisha inakuletea wewe Bishkek. Mtoto kajifunza nini hapo? Labda ni uzee.

Baba yako

Bishkek, 30 Juni

Baba,

Shikamoo. Mzima? Mama mzima?

Nimechanganyikiwa mwenzio. Picha za mwanzo ni nzuri: makalio ya farasi, mbuzi wa jirani, na mzee Sadyrbek akijisaidia (usimwambie). Baada ya hapo ni nyeupe. Nyeupe tu hadi mwisho, kamera zote mbili! Moja ina mstari wa buluu, sijui ni anga, sijui ni ugonjwa wa kamera. Muuzaji anasema ni ukungu, ninunue aina ya tatu, ghali zaidi, isiyoingiza unyevu. Mwenzangu ofisini anasema ni vumbi. Nichague ipi, na sijui hata kinachoziumiza? Je, huko kuna ukungu?

Jypar wako

Malishoni, 12 Julai

Mwanangu,

Marahaba, sote wazima.

Ukungu gani? Tumeungua na jua mwezi mzima, kuna upepo tu. Mwambie huyo muuzaji apande huku aonyeshe ukungu wake.

Kamera zako zinatunzwa kuliko ninavyotunzwa mimi. Wapita njia wameona kuna kitu kimefungwa kwenye mti juu ya chemchemi, basi na wao wamefunga vitambaa vyao wakiombea haja zao, kama ada ilivyo. Mti umependeza kweli. Hakuna mwizi atakayethubutu kunyoosha mkono pale. Kwa hiyo sielewi.

Baba yako

Bishkek, 20 Julai

Baba!

Shikamoo. Ukungu wenyewe ndio hivyo vitambaa! Nimezaliwa hapo, nikaenda kufunga mikanda ya kamera kwenye mtarakwa wa chemchemi bila kufikiria watu wataona nini. Sijui nicheke au nilie. Nakuomba vifungue vyote, leo leo. Mkutano unakaribia.

Jypar

Malishoni, 24 Agosti

Mwanangu Jypar,

Marahaba. Nimechelewa kujibu.

Anayefungua kitambaa cha mwenzake anajitwika shida ya mwenzake. Umesahau? Nikasema nihamishe kamera. Haiwezekani, watu wamefunga juu ya mikanda yenyewe. Nimekwenda na kurudi mikono mitupu mpaka farasi kanichoka.

Mwishowe nikamsomea mama yako barua yako. Akasema, "Cha kwanza ni changu."

Kumbe alipanda kule na goti lile, akafunga kipande cha shela yake nyeupe ya harusi, yenye mstari wa buluu, mbele kabisa ya kioo, haja yake ionekane. Aliomba urudishwe nyumbani.

Nikamwambia, "Ndicho kinachomzuia."

"Acha upuuzi, mzee! Kitambaa kitamzuiaje mtu?"

Tulizozana siku nzima. Kesho yake akapanda mwenyewe, akakifungua. Sasa kamera moja ina upenyo. Kadi ni hii. Vya wengine sijagusa, na sitagusa, unisamehe.

Baba yako

Bishkek, 5 Septemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Watu salama? Mifugo imeshuka kutoka mlimani?

Kadi ilinifikia asubuhi ya mkutano. Kuna picha moja tu isiyo nyeupe. Ni Mama, uso wake umeijaza picha nzima, anavuta fundo kwa meno, analia. Sikuwa na nyingine, nikaionyesha hiyo.

Mkurugenzi akauliza, "Huyu ni nani?"

"Mama yangu."

"Na chui?"

Kamera mpya zinakwenda Batken, na mimi nazifuata Jumatatu. Watoto wa kwetu nimewaombea darubini. Maneno yako niliyasema kama yangu, wakakubali, sanduku analo Omur. Zile kamera mbili ziacheni hapo hapo.

Mwambie Mama akifunge tena.

Mwanao,
Jypar