Kayamba Yako Imerudi, Mama

Ziwani, Nairobi

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Bega linaendeleaje? Wafula aliniambia kwamba sasa unajifunga leso bila kusaidiwa. Nilifurahi, ila namjua kaka yangu huyo, hupenda kutuliza watu. Niambie wewe mwenyewe. Mimi ni mzima, kikohozi kimeniacha na chumba hakivuji tena. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenikataza kumaliza kredo, na habari hii ni ndefu.

Unakumbuka ulipokuja huku, mchezaji wa kayamba wa kwaya ya akina mama akaugua, wakakuomba ushike nafasi yake siku ya kurekodi, pale studio ninapojifunzia kazi. Ulicheza mpaka nikajivuna. Kisha ukarudi nyumbani, bega likakukataa, na daktari akasema kayamba basi. Kwa hiyo rekodi ile ndiyo pekee tuliyo nayo ya mkono wako. Sasa sikia nilivyokaribia kuiharibu.

Wiki iliyopita mwalimu wangu, Njoroge, alinipa niisafishe. Uliwahi kunicheka ukisema sauti haina uchafu. Inao, Mama! Studio imepakana na bucha hapa karibu na soko la nyama la Burma, na friji yao hunguruma kutwa. Ngurumo hiyo huingia kwenye maikrofoni, nasi huiita kelele ya chinichini. Ili kuipunguza, unaichagulia kompyuta kipande ambamo hakuna anayeimba, unaiambia hii ndiyo kelele, ijue, kisha iondoe kila mahali. Nikachagua sekunde chache kabla ya wimbo kuanza. Lakini kwaya zetu hazianzi kwa kimya. Kayamba hutangulia polepole, waimbaji wapate mwendo ndipo wafungue midomo. Kompyuta ikaamini kayamba yako ndiyo kelele, ikakupepeta wewe pamoja na friji. Nami nilikuwa nimetega sikio kwa friji tu, nikaona nimefanya kazi safi.

Mwenyekiti wa kwaya, Mama Jerusha, akaja kusikiliza. Hata ubeti mmoja haukuisha, akavua hedifoni.

"Nekesa, mamako ako wapi hapa? Na mbona sisi tunaimba ni kama tuko ndani ya mtungi?"

Nilikuwa nimeshahifadhi kazi mpya juu ya ile ya zamani, nikajua nimekufuta kabisa. Nililia bila haya. Mama Jerusha alibaki kunipigapiga mgongoni mpaka Njoroge akaingia na kikombe chake cha chai.

"We, tulia. Hapa hatufutangi kitu ya kwanza. Umeharibu kopi tu. Orijino iko kwa ile diski ingine."

Nilitaka kumkumbatia na kumzaba kofi kwa pamoja. Mbona hakuniambia siku zote hizo?

Tukaanza upya. Safari hii nilichukua kipande cha mwisho, wimbo ukiwa umeisha na friji ikinguruma peke yake. Nikapunguza kidogo tu, maana ukikaza sana, sauti za watu nazo huharibika. Friji bado inasikika ukisikiliza kwa makini. Acha isikike. Kayamba yako ipo yote, tangu mchakacho wa kwanza. Mama Jerusha alifumba macho, kisha akainuka akaanza kucheza katikati ya nyaya zetu. Nimepumua, Mama. Furaha niliyo nayo siwezi kuificha.

Msalimie Baba, na umwambie redio yake nitaitazama nikija. Msalimie Kukhu, mama yake Baba, na huyo Wafula mtuliza watu. Mama Jerusha anasema ukija tena huku, nafasi yako kwenye kwaya ipo, hata kama ni ya kuimba tu.

Nilikaribia kusahau jambo moja. Katika kile kipande cha mwisho, baada ya friji kunguruma peke yake, unasikika wewe kwa sauti ya chini, ukidhani tumeshazima: "Nekesa, lakini umekula?" Njoroge alisema hiyo ni ya kukata, na kwenye wimbo wa kwaya nimeikata. Kwenye simu yangu nimeihifadhi. Siku ile nilikuwa nahangaika na nyaya, sikukujibu.

Nimekula, Mama.

Binti yako,
Nekesa